Shuka Zilizokaukia Ndani

Kabla majirani hawajafungua madirisha, Dobi alikuwa ameshawasha moto chini ya pipa la maji. Mtaa mzima ulimjua. Jina lake halisi lilikuwa limesahaulika. Hata mama mkwe wake alimwita Dobi. Kila siku alifua shuka nyeupe za nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na stendi. Mama mkwe alisuuza. Mume wa Dobi alipeleka shuka zikishakauka, kisha akaenda sokoni kubeba mizigo ya watu kwa mkokoteni. Na yeye watu walimwita Mkokoteni.

Mwezi ule jambo jipya liliingia mtaani. Mradi mmoja ulianza kumpa kila mtu mzima kiasi kidogo cha pesa kila mwezi, kwa miaka miwili. Waliziita kipato cha msingi cha uhakika. Ujumbe wa kwanza ulipoingia kwenye simu, Mkokoteni aliusoma mara tatu. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

Furaha ile haikumaliza hata siku mbili. Dobi alipita mbele ya kibanda cha kinyozi, mahali ambapo nywele hupunguzwa na habari huongezwa.

"Shemeji," Kinyozi aliita, "bado unafua?"

"Kwa nini nisifue?"

"Shauri yako. Zile pesa ni za wasio na kazi. Wakiona kamba zako zimejaa nguo, watasema huyu kashiba. Jina linakatwa hivi!" Akapiga mkasi hewani, kacha!

Dobi alirudi nyumbani haraka. Kuacha kazi hakuweza. Kupoteza pesa hakutaka. Basi akaamua kuvishika vyote viwili. Alianua shuka zote uwanjani, akafunga kamba ndani ya nyumba: sebuleni, chumbani, hata juu ya meza ya chakula. Kisha akafunga madirisha ili mtu asione.

Shuka zilizokuwa zikikauka kwa saa tatu sasa zilikauka kwa siku tatu. Zikanuka uvundo. Meneja wa nyumba ya wageni alikuja mwenyewe, ameshika shuka moja kwa vidole viwili.

"Dobi, mgeni wangu ameniuliza kama kitanda chake kililaliwa na mbuzi."

"Nisamehe, baba."

"Mimi nimekusamehe. Pua za wageni hazisamehe. Jumamosi nikiletewa shuka kama hii, kazi yote naipeleka kwa wenye mashine."

Alipoondoka, Dobi aliketi juu ya ndoo. Nyumba ya wageni ndiyo iliyokuwa mteja wake mkubwa. Na huko nje, Kinyozi yuleyule alikuwa akimwambia kila aliyeketi kwenye kiti chake, "Unaona kamba zile? Tupu! Mtu kaonja pesa za bure, kazi kaitupa."

Alhamisi asubuhi mlango uligongwa.

"Hodi! Natoka kwenye mradi. Nawatembelea tu."

"Mama, lala!" Dobi alinong'ona.

"Nilale ninaumwa nini?"

"Chochote! Lala juu ya shuka!"

Mama mkwe alipanda juu ya rundo la shuka, akaanza kukohoa. Mkokoteni alisimama mbele ya pasi ya makaa na kuificha kwa mgongo. Binti mwenye begi akaingia, akiinama chini ya kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hapa hakuna anayefanya kazi. Hakuna kabisa!"

Tone la maji likaanguka kwenye daftari la yule binti. La pili likamwangukia puani. Akatazama juu.

"Mama, nyumba yenu inavuja? Mbona mvua haijanyesha wiki nzima?"

Ghafla Mkokoteni aliruka. Pasi ilikuwa imemuunguza nyuma ya suruali! Mama mkwe akasahau ugonjwa wake, akacheka mpaka akateleza kutoka kwenye rundo. Dobi naye akacheka, kisha machozi yakamtoka. Akaeleza kila kitu.

"Nani alikuambia ukifanya kazi unakatwa?" binti aliuliza.

"Kinyozi."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Na kichwa alichokuwa anakinyoa," alisema Mama mkwe.

Binti alifunga daftari. "Sikilizeni. Ufue shuka moja, ufue elfu, pesa hii haipungui. Anayefanya kazi anapata. Asiyefanya anapata. Hakuna anayechungulia kamba zenu."

"Sasa kama ni hivyo," Mama mkwe aliuliza, "nani atajisumbua kufanya kazi?"

"Bibi, wewe ukishashiba asubuhi, unalala?"

"Nilale? Nikishashiba ndipo mikono inapata nguvu!"

"Basi umejijibu. Pesa hii inafukuza njaa, lakini haijengi nyumba. Wapo watakaopunguza kazi. Mzazi mwenye mtoto mchanga atapumzika. Kijana atarudi darasani. Wavivu nao hawakosekani, ila walikuwepo kabla yetu. Wengi wanafanya kazi zaidi, kwa sababu sasa wanathubutu."

Dobi hakusubiri kuambiwa mara mbili. "Fungueni madirisha!" alipiga kelele. Binti mwenyewe alishika pembe ya shuka. Walitoka mbio, mikono imejaa, wakafua upya zote na kuzitandaza juani. Kinyozi alitoka kibandani, mkasi mkononi, mdomo wazi. Mteja wake alitoka nyuma yake, kichwa kimenyolewa nusu.

"Shemeji, hujaacha kazi?"

"Mmalizie mwenzio kichwa kwanza!" Dobi alijibu, na mtaa mzima ukacheka.

Ijumaa, Mkokoteni alikataa kubeba saruji kwa tajiri aliyezoea kumlipa nusu. Kabla ya pesa zile hakuwahi kuthubutu kumkatalia, maana siku hiyohiyo wangelala njaa. Badala yake alizunguka nyumba nyingine za wageni kutafuta shuka za kufua. Alirudi na mkokoteni umejaa, akiimba. Mama mkwe, ambaye alikuwa amesuuza nguo kwa miaka arobaini, alisema kiuno chake kinaomba likizo. Wakampa, na mahali pake wakamwajiri mjane mmoja, jirani yao.

Jumamosi Meneja alifika. Alichukua shuka ya juu, akafukia uso ndani yake. Akavuta pumzi ndefu.

"Hii ndiyo kazi," alisema. "Nina mapazia ya vyumba vyote. Nayataka kesho asubuhi."

Zamani Dobi angesema ndiyo, kisha akafua mpaka vidole vikachubuka. Sasa alifuta mikono, akamtazama.

"Jumanne, baba. Yawe safi kweli."

Meneja alifikiri kidogo. "Haya. Jumanne."

Alipokwisha kwenda, Dobi alishika ncha moja ya shuka mbichi, Mkokoteni akashika nyingine. Wakaikamua pamoja, huyu akisokota kulia, yule kushoto, maji yakichuruzika miguuni mwao.

"Kaza, mume wangu!"

"Nimekaza! Wewe ndiye umelegea!"

Na kweli alikuwa amelegea, kwa kicheko.