Mgongaji wa Jumba la Wenlow

Ukumbi wa hoteli ya Wenlow ulikuwa umefurika wageni wa harusi wakati Hester, muuza maua, alipopita mbiombio na ndoo ya mawaridi akamvaa mwanamume mrefu mwenye koti jekundu la mahameli. Maji yote yakamwishia kifuani.

"Dada, mimi nimeshaoga leo!"

"Samahani! Angalau sasa unanukia."

"Kumbe nilikuwa nanuka?"

Ndivyo alivyojuana na Barnaby, mtembeza wageni wa hoteli ile. Jumba lilikuwa la kale: lilijengwa enzi mapadri wa Kikatoliki walipowindwa na serikali kama sungura, likakaliwa na mabwana, wakati wa vita likawa hospitali, na mwishowe watu wakawa wanalipia kulala humo. Barnaby alizijua hadithi zake zote. Kufikia majira ya baridi, haikupita siku bila kumpigia Hester simu.

"Umekula, ua langu?"

"Nimekula, bwana mahameli. Wewe je?"

Lakini kila alipomwalika ghorofani, Hester alitafuta kisingizio. Hata ngazi aliipita bila kuitazama. Hakumwambia kwamba jumba lile lilikuwa la babu zake, wala yaliyompata bibi yake humo. Barnaby akavifasiri visingizio hivyo anavyojua mwenyewe.

"Unaona haya kuonekana nami, sema tu! Mvaa koti la kuazima si saizi yako."

"Si hivyo, Barni."

"Basi ni vipi?"

Hester akaanza kuzungumzia maua ya kesho. Barnaby akakata simu.

Jumapili alasiri Hester akajikaza kisabuni. Alitaka akione kwa macho yake chumba cha mkasa wa bibi yake, kisha amweleze mpenzi wake yote bila kulia. Akapanda ghorofani, akaingia chumbani, akaubonyeza ubao kando ya meko kama bibi alivyomwelekeza zamani. Ukafunguka, likaonekana shimo jembamba, maficho ya mapadri. Akaingiza kichwa, kisha bega, kisha mguu. Ubao ukajirudi nyuma yake, tap!

Giza totoro. Akasukuma; haukutikisika. Hewa ilinuka masizi. Akaanza kugonga.

Upande wa pili akasikia vishindo vya miguu, halafu sauti aipendayo: "Mabibi na mabwana, humu alikufa padri kwa njaa, na wapo wanaoapa kwamba hugonga hadi leo..."

Hester akagonga kwa ngumi zote mbili. "Nitoeni!" Lakini masizi yalikuwa yamemkausha sauti; ubao mnene wa mwaloni uliyameza maneno, kishindo tu ndicho kilichopita.

Wageni wakapiga mayowe, kisha wakacheka, kisha wakapiga makofi.

Hapo hofu ikamshika kwelikweli: kufa huku watu wanakushangilia. Akapapasa simu yake, akampigia Barnaby. Akasikia simu ya Barnaby ikilia mfukoni, karibu kabisa. Barnaby akaikata. Hester akapiga tena.

"Hester, niko kazini!"

"Barni, ni mimi ninayegonga."

Akamsikia akiwanyamazisha wageni; makofi yakakoma.

"Uko humo ndani?"

"Sipati pumzi, Barni."

"Tulia, roho yangu. Nakuja. Ongea nami, usiache kuongea."

Akamsikia akiuparua ubao kwa kucha. Ulikuwa umekwama.

"Hakuna padri," Hester akasema huku akilia. "Alikuwa bibi yangu. Mtoto wa miaka saba. Alivunja birika, baba yake akamfungia humu, akaenda zake kuwinda. Waalikwa walimsikia akigonga, wakasema ni mzimu, wakacheka. Alitolewa asubuhi. Mpaka anazikwa hakuwahi tena kulala gizani."

"Rudini nyuma wote!" Barnaby akafoka. Chuma cha kuchochea moto kikaupiga mwaloni, tena na tena, hadi nuru ikapenya, na mkono wake unaovuja damu ukafuata. Hester akaung'ang'ania.

Hakuna aliyecheka tena.

Nje, kwenye manyunyu, Barnaby alimfunika kwa lile koti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungewasimulia wageni."

Barnaby akainamisha kichwa. "Ningewasimulia, kweli. Nisamehe, Hester." Akaitazama mikono yake. "Nimewavunjia wenye hoteli ukuta. Kesho sina kazi. Mume asiye na kazi utamtaka?"

"Unanichumbia au unaomba kazi?"

"Vyote viwili."

"Harusi isiwe humo."

"Hata kwenye kituo cha basi, mpenzi."

Hester akacheka, meno yakigongana. Alisema ndiyo huku bado akitetemeka, na Barnaby hakumwambia atulie, alimshika tu.