Aliyeitika Kitanda cha Sita

Tone moja tu. Kitanda cha sita kilipaswa kupata matone kumi na mawili ya dawa ya moyo kwa dakika, lakini kioo cha mashine kikaonyesha kumi na matatu. Mwingine angepita zake. Lakini aliyelala pale alikuwa mama yake fundi wa kompyuta wa hospitali ile, na programu inayoendesha mashine za wodi nzima fundi ndiye aliyeiandika. Akamwita mama, naye akajibu kama kawaida yake, "Unataka nini tena, we mtoto?" Fundi akacheka kidogo, akashuka chumba cha kompyuta akiwa na wasiwasi.

Adhuhuri kweupe, lakini chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Sasa, programu ile yenyewe haikujua hesabu ya matone. Kila inapotaka kuhesabu huita faili la msaada lililo nje yake, mafundi huliita maktaba, aliloliandika fundi mkuu, marehemu, nalo huja likahesabu. Mtu makini huita kwa jina na toleo, kama unavyomwita mtu kwa jina lake na la baba yake. Fundi wetu, kwa uvivu wake, aliandika jina tupu. Yeyote mwenye jina hilo na aje!

Alidhani wameweka toleo jipya lisiloelewana na programu ya zamani. Hayo huwapata mafundi kila siku. Akafungua rafu ya maktaba mle ndani ya kompyuta. Faili halikuwepo. Msimamizi wa kompyuta alilifuta Jumatatu akidhani halina kazi, na leo ni Alhamisi. Programu ilipaswa kugoma tangu siku ile. Haikugoma hata mara moja.

Akafungua kumbukumbu za mashine. Programu imeita. Na chini yake, mahali ambapo hapajawahi kuandikwa kitu, pana neno moja: Labeka. Imeita tena: Labeka. Siku tatu, mamia ya miito, na kila mwito umeitikiwa kwa adabu.

Akampigia mwalimu wake wa zamani, akanong'ona kama anayeogopa kusikiwa na kuta.

"Usiite tena," mwalimu akasema. "Lishone faili la marehemu ndani ya programu, viwe kitu kimoja, isihitaji kumwita mtu. Lakini faili kwanza, mwanangu. Ulirudishe rafuni ndipo ushone. Unanisikia? Faili kwanza."

Nakala ya faili ilikuwa nyumbani, kwenye droo, mwendo wa saa nzima. Muuguzi akapiga simu kutoka juu: matone yamefika kumi na tisa, ameizima mashine, anahesabu kwa mkono, lakini ana vitanda ishirini na hawezi zaidi ya robo saa. Basi fundi akajidanganya. Akasema ngoja nijaribu, rafu ni tupu, kompyuta itakataa tu, sina cha kupoteza.

Akabonyeza kitufe cha kushona, na feni za kompyuta zikanyamaza zote kwa pamoja, na ile harufu ikamjia karibu hadi akaihisi nyuma ya shingo, na mahali fulani kati ya ukuta na kiti chake mtu akashusha pumzi taratibu, kama mgeni aliyesimama mlangoni siku nyingi na sasa amekaribishwa akae, na kioo kikaandika: Imekamilika.

Fundi akalia kwa furaha. Akamwambia muuguzi awashe. "Kumi na mawili," muuguzi akajibu. "Ahsante, dada. Imetulia kabisa."

Akapanda ngazi mbili mbili. Katikati ya ngazi akasimama. Imekamilika nini? Rafu ilikuwa tupu. Kompyuta imeshona nini mle ndani?

Akafika kitandani akihema. Kioo kilisema kumi na mawili. Matone yalishuka sawasawa, moja baada ya jingine, yakiingia mkononi mwa mama yake. Shuka ilinuka nywele zilizoungua.

"Mama," akanong'ona.

Macho ya mama yakafumbuka polepole, yakamtazama kwa heshima kubwa.

"Labeka," akaitika.