Mgeni wa Hasi Ishirini

Jini hachagui nyumba, anachagua mdomo. Atakaa nje hata mwaka mzima, mpaka apatikane mropokaji wa kumfungulia. Safari hii mdomo ulikuwa wa Selemani, na tangu nisikie kisa hiki, mimi nikiwa na wageni huwa nanyamaza mpaka wanaondoka.

Biashara zilikuwa zimefunguliwa miaka ile, kila mwenye uwezo anaanzisha kampuni yake. Ghorofani, karibu na Mnara wa Saa, palikuwa na kampuni ndogo ya intaneti iliyosafirisha barua pepe za watu wa utalii. Selemani ndiye aliyekuwa fundi wa seva, mtambo uliopitisha barua hizo. Kwao ni Lemara, babu zake walitoka Pangani. Mchapakazi, mpenda watu, lakini mdomo wake, loo!

Asubuhi moja ya Julai, ukungu umeufunika Meru hadi chini, aliona jambo dogo kwenye skrini. Palikuwa na programu inayoendeshwa kwa jina la "mgeni". Akaunti hiyo aliiweka mwenyewe kwa ajili ya wapita njia, na hakuna aliyewahi kuitumia. Programu haikuwa inafanya kazi yoyote. Ilikuwa imekaa tu.

Sasa, seva ile iliendeshwa kwa mfumo wa Unix, na Unix ina adabu zake. Prosesa, ubongo wa mtambo, ni moja, programu ni nyingi, kwa hiyo zinapokezana zamu: hii inakula kidogo, inaipisha nyingine. Kila moja ina namba ya upole. Mwenye kumi na tisa ni mpole kupindukia, anawapisha wote na kuokota makombo. Mwenye hasi ishirini ni mbabe, yeye kwanza na wengine wangoje. Mtumiaji wa kawaida anaweza kujiongezea upole, basi. Kujipunguzia hawezi, hata kama aliuongeza kwa makosa. Hiyo ni kazi ya mkuu wa mtambo peke yake, na mkuu wa mtambo alikuwa Selemani.

"Huyu mgeni wako ana kumi na tisa," alisema bosi wake, Bariki, Mmeru wa Akheri, akichungulia begani. "Yuko mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Si nimeshasema? Nyie watu wa pwani karibu nyingi, sahani hakuna."

"Sisi tena?" Selemani akacheka. "Kaka, kwetu mgeni ananawa wa kwanza na kumega wa kwanza. Hebu tazama."

Akaandika amri, akampa mgeni hasi ishirini. Angeishia hapo, labda ningekuwa sina cha kusimulia. Lakini wapi! Akatamka kwa sauti: "Karibu mgeni, tangulia. Sisi na watoto wetu tutakula utakachobakiza."

Na watoto wetu! Nani alimtuma awataje watoto?

Feni ya seva ikaanza kuvuma. Matumizi ya prosesa yakapanda mpaka tisini na tisa kwa mia, yakaganda hapo. Chumba kikanuka udi, udi mzito wa harusini, na chini yake harufu ya nywele zinazoungua.

"Nani kachoma udi humu?" Bariki alinong'ona. Alikuwa Mlutheri, nyumbani kwake hapajawahi kufukizwa kitu.

Selemani alishairukia kibodi. Aliandika amri ya kuiua ile programu, haikufa. Akairudia, haikufa. Mwishowe akachomoa waya ukutani. Walipoiwasha seva tena, mgeni hakuwamo, nao wakashukuru Mungu, kila mmoja kwa dini yake. Hakuna aliyejiuliza mgeni amehamia wapi.

Nyumbani Lemara mkewe, Maulida, alikuwa amelikasirikia jiko. Mkaa unawaka vizuri, maji hayachemki. Akamwita binti yao, Salwa, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule.

"Salwa!"

Mtoto alikuwa pale pale mkekani, macho yanamtazama mama yake. Kimya. Maulida akachambua mchele wote, akauosha, akamwaga maji uani, akarudi. Ndipo sauti ikatoka: "Abee, mama."

Wakadhani ni utundu. Lakini kuanzia hapo kila kitu cha Salwa kilichelewa. Baba akimtania asubuhi, mtoto anacheka mchana akiwa peke yake. Akawa anakula na hashibi, sahani inaisha mbele yake naye hajameza hata matonge mawili, na pembeni ya mkeka, mahali ambapo hapakukaa mtu, ilisikika sauti ya mtu anayetafuna taratibu kwa raha zake.

"Unasikia?" Maulida alimuuliza mumewe kwa sauti ya chini.

"Ni panya," alisema Selemani. Alijua si panya, maana ule udi alishaunusa.

Kisha siku moja, mchana kweupe, Maulida akiwa anakoroga uji, alinusa nyama inaungua na hakuwa na nyama jikoni, akageuka kutafuta, akamwona Salwa amesimama wima kando ya jiko, peku, juu ya kaa la moto lililodondoka, amesimama tu, anatabasamu kwa utani ambao pengine alitaniwa jana yake, na moshi mwembamba unapanda kutoka chini ya unyayo wake. Akamrukia, akamnyanyua, akamwosha, akampaka asali, akamfunga kitambaa, akamlaza, na muda wote huo mtoto hakusema hata "aa". Majirani walishakuja na kuondoka ndipo maumivu yalipomfikia, akapiga yowe ambalo lilitoka na kutoka na kutoka, huku mama yake amemkumbatia na kulia naye.

Hapo Selemani akamweleza mkewe kila kitu. Maulida hakumtukana. Alisema tu, "Nenda kamlete shangazi."

Shangazi yake Selemani, Bi Tunu wa Ngarenaro, alikuwa mtu wa kutoa majini tangu ujana wake. Aliingia na chetezo, akapokea shikamoo zao, akamfunika Salwa kwa kanga, akaanza kusoma. Hakusoma sana. Chini ya kanga ile, kwenye kinywa cha mtoto aliyechelewa kila kitu, ikatoka sauti ya haraka, haina hata pumziko.

"Nilikaa mlangoni kwa upole sikugusa cha mtu. Wakanipa nafasi ya mbele. Wakasema wao na watoto wao watakula nitakachobakiza. Mimi sibakizi."

Bi Tunu akamtazama Selemani mpaka Selemani akainamisha kichwa.

"Mdomo uliompa ndio utakaomnyang'anya," alinong'ona. "Nenda huko ulikompa nafasi, ukamrudishe nyuma. Ila nisikilize, baba. Unakwenda kunyang'anya. Usitoe kitu, hata kama ni chako."

Akaondoka kwenda kwake kuandika kombe, aya za kuoshwa kwa maji ili mtoto anywe. Selemani naye akakimbilia mjini.

Ofisini, adhuhuri ikikaribia na Bariki hayupo, aliketi mbele ya seva. Barua pepe zote hazikuonekana, programu zote za watu hazikuonekana, pamebaki mistari minne: mgeni, maulida, selemani, salwa. Mgeni alikula karibu kila kitu. Salwa alikuwa na sifuri.

Akaandika paswedi ya mkuu. Ikakataliwa. Akaiandika polepole, herufi kwa herufi. Ikakataliwa. Mkuu wa mtambo sasa alikuwa mwingine, naye Selemani alikuwa mtumiaji wa kawaida, hana uwezo wa kumshusha mtu wala kumpandisha. Angeweza jambo moja tu, kujiongezea upole mwenyewe.

"Nikijipisha mimi," alijiambia, machozi yakimtoka, "fungu langu litamwendea mwanangu."

Ee Selemani! Wewe fundi mzima! Ukiacha sahani mezani, anaifikia kwanza nani kama si aliye mbele? Lakini baba anayemwona mtoto wake kwenye sifuri hana ufundi tena. Akajipa kumi na tisa, akabonyeza.

Mstari wake ukashuka hadi sifuri. Wa Salwa haukusogea. Wa mgeni ukapanda.

Simu ya mezani ikalia. Alitaka kuinyakua, na mkono ukakaa pale pale mezani. Ikalia weee, ndipo mkono ulipoinuka.

"Baba Salwa!" Ilikuwa sauti ya Maulida, anacheka na kulia kwa pamoja. "Umefanikiwa! Ameamka, ameniita, nikamjibu naye akajibu hapo hapo! Anatembea na mguu wake ule ule! Ameomba chakula, nimempakulia, anakula, wallahi anakula!" Kisha akapunguza sauti, kama mtu anayeona haya kulalamika siku ya furaha. "Ila ni kitu gani hiki, mume wangu? Anakula kwa mkono wa kushoto. Nimemkanya, ananitazama tu. Ananiambia nisogee karibu."

Selemani alijua ni nani anayekula kwa mkono wa kushoto. Neno lilimjaa kifuani, neno moja la kumwokoa mkewe, likapanda mpaka kooni na kusimama hapo, kwa kuwa zamu yake ilikuwa haijafika, na mbele yake alikuwepo asiyebakiza, na yeye ameketi na simu sikioni akisikia "Baba Salwa? Mbona kimya? Upo?" na baada ya hapo sahani inavunjika, na baada ya hapo kutafuna, taratibu, kwa raha zake.

Jua lilikuwa linazama Bariki alipofungua mlango. Selemani alikuwa bado ameshika simu iliyokwisha kukatika. Alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani:

"Kimbia, Maulida! Kimbia!"

Bariki alisimama mlangoni. Alikuja kutoka Lemara, alikoitwa na majirani, kumwambia kwamba Maulida amefariki tangu adhuhuri, na kwamba mtoto yuko hapo chini garini, mzima kabisa, anasema ana njaa.