Chupa za Jumatatu

Walichukua ndizi mbichi, kijani kabisa, wakaiweka ndani ya kisanduku cha kioo mbele ya watu wote, wakabonyeza kitufe. Ndizi ikawa ya njano. Ikatoka madoadoa, ikawa nyeusi, ikasinyaa, ikakauka mpaka ikabaki kitu kama kipande cha kamba, na yule mwimbaji aliyeletwa kutumbuiza alikuwa hajamaliza hata ubeti wa kwanza. Ukumbi mzima wa Moshi Mpya ukapiga makofi. Watu hupenda sana kutazama kitu kikizeeka, mradi si wao.

"Hiki ni kidogo, cha maonyesho tu," alisema Mhandisi Rweyongeza, mwenye kampuni, akiwa amevaa koti lililonyooka kuliko maneno yake. "Kikubwa chake tunakiita ghala-mbio."

Akaeleza. Kuta za ghala-mbio zimezungushiwa nyaya zinazokunja wakati kama mtu anavyokunja shuka. Siku mbili za huku nje zikipita, mle ndani umepita mwaka mzima. Mtengenezaji wa bia kali ya kulazwa kwenye mapipa, ambaye zamani alisubiri mpaka akaota mvi, sasa anasubiri wiki chache, anafungua mlango, anatoa kinywaji cha miaka thelathini.

"Na hakuna mkono wa mtu mle ndani," alisema. "Ni mapipa na roboti-watunzaji, basi." Sheria ilikataza mtu kuingia kwenye ghala-mbio, kwa hiyo sentensi hiyo aliirudia. Kisha akamalizia kwamba bia yake ikipata dhahabu kwenye mashindano ya siku hiyo, amekwisha kuahidiwa kibali cha kujenga maghala mengine arobaini.

Dhahabu ilikuwa mkononi mwa Aikande Urio, mwonjaji mkuu. Watengenezaji wa bia nchi nzima walimwita Mama Bado, na yeye alijua, na wala hakuchukia. Ukimpelekea bia yako uliyoihangaikia kama mtoto, ataizungusha kwenye glasi, atainusa, atakunywa, halafu atakwambia: "Bado. Uchungu haujakaa chini." Watu walitoka pale wakiwa wadogo. Lakini siku akikubali, bia hiyo iliuzika mpaka nchi za mbali, kwa hiyo walirudi tu.

Wengi walimpelekea sampuli bila jina, ili asimpendelee mtu. Kwa miezi miwili iliyopita, kila Jumatatu, kidege-mtumishi kilitua barazani kwake na chupa ndogo isiyo na nembo. Alionja, akakiambia kidege neno lake, kikaruka. Lilikuwa neno lile lile kila wiki.

Wakati huo alikuwa pia na hasira zake nyingine, za nyumbani. Ndeshi, mtoto wake wa pekee, msichana wa miaka ishirini na tisa aliyejifunza mapipa jikoni kwa mama yake, alikuwa amepata kazi kwa huyu huyu Rweyongeza. "Siku sita tu, mama. Simu haishiki kule kiwandani," alimwambia. Siku sita zikaisha, kampuni ikasema amehamishiwa Tanga. Tangu hapo kila Jumapili ulikuja ujumbe wa sauti: mama niko salama, kazi ni nyingi. Kicheko kidogo. Nitakuja. Aikande alijibu mara tatu hivi, kisha akanuna. Mtoto gani huyu, alijiuliza, anayeongea na mama yake kama tangazo la benki?

Waonjaji walikuwa watatu, kwenye chumba cha nyuma ya ukumbi, chumba kilichosuguliwa na kuchujwa hewa mpaka hakikuwa na harufu yoyote. Mashine ya kumimina ilileta bia namba saba, ya ghala-mbio. Ilikuwa nyeusi yenye wekundu ukiiinua kwenye taa. Povu lilikuwa jembamba, likazama mapema, jambo la kawaida kwa bia iliyokaa sana.

"Haya, Mama Bado," alisema Mwakyoma, mwonjaji mwenzake kutoka Mbeya, mtu mnene mwenye utani. "Tukatishe tamaa."

Aikande akanusa. Sukari guru. Tende zilizoiva kupita kiasi. Moshi kwa mbali, na ule utamu mkavu wa pipa la mwaloni lililowahi kulaza brandi. Akanywa, akameza. Waonja divai hutema. Mwonja bia lazima ameze, kwa sababu uchungu wa bia hukaa kooni na huwezi kuuhukumu ukiwa umeutema. Uchungu ukaja taratibu, ukatulia, ukabaki.

Akaifahamu. Ni bia ya zile chupa za Jumatatu, ile ile, ila sasa imekuwa mzee. Hilo halikumshtua sana. Alikunywa tena ili aandike alama zake, na mara hii, baada ya kumeza, kikaja kitu kingine mwishoni kabisa: ukali kidogo wa asali iliyochacha, na majivu.

Akaweka glasi chini.

Ilikuwa nta ya nyuki wadogo, wale wasiouma, iliyokandwa na majivu ya maganda ya ndizi. Pipa linapozeeka, mbao huachana, na watengenezaji wengine wote huziba kwa gundi ya dukani. Aikande alikuwa amebuni hii ya kwake akiwa na mimba, kwa sababu harufu ya gundi ilikuwa ikimtapisha. Alimfundisha mtu mmoja tu duniani. Nyumbani kwake nta hiyo ilikuwa kila mahali, kwenye meza, kwenye mapazia, kwenye nywele zake, na ndiyo maana kwa miezi miwili alikuwa ameinywa barazani bila kuisikia.

"Niitieni Mhandisi," alisema.

Rweyongeza akaja na tabasamu lake la jukwaani.

"Nani alikuwa ndani?" Aikande akamuuliza.

"Ndani ya wapi, mama?"

"Usinizungushe. Kuna mtu ameziba mapipa yako kwa nta. Roboti haijui nta hiyo. Nani alikuwa ndani?"

Tabasamu lilichukua muda kuondoka. Mhandisi akawatazama wale waonjaji wawili, akaona hakuna wa kumsaidia, akavuta kiti. Mtu wa namna yake akikamatwa huwa haombi radhi, hueleza.

"Roboti zilikufa mwaka wa pili, wa mle ndani," alisema. "Fundi wa kuzitengeneza naye ingebidi aingie. Pipa linavuja, jingine linachacha na kuambukiza wenzake, nani atajua? Bila ulimi wa mtu tungetoa siki. Tulimweleza wazi kwamba ni miaka mitatu, kwa huku nje siku sita. Akitoka, tunamjengea kiwanda chake mwenyewe. Alikubali kwa hiari. Zile sauti za Jumapili ni mashine iliyoiga sauti yake."

"Miaka mitatu. Hii ina thelathini."

"Mkataba ulisema mpaka bia iwe tayari." Akaongeza kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayekuwekea mzigo wake begani: "Na wa kusema iko tayari si mimi, mama. Tulikuletea kila Jumatatu."

Mwakyoma akasema kitu kwa Kinyakyusa ambacho hakuna aliyekiuliza maana.

Wakati huo mlango ukafunguliwa, akaingia bibi mmoja. Mwembamba, nywele nyeupe zilizokatwa fupi kwa mkasi usio mkali, mikono imekauka kama ya watu wa mapipa. Mlinzi alikuwa amempisha kwa heshima. Aikande alikuwa na miaka hamsini na minne na alilelewa vizuri. Mdomo wake ukafanya kazi kabla ya macho.

"Shikamoo," akamwambia.

Yule bibi akasimama pale pale.

"Usiniamkie, mama," akasema. "Wa kuamkia ni mimi. Shikamoo."

Aikande alijaribu kuitika marahaba. Aliyatazama yale macho, na yalikuwa macho ya Ndeshi, na chini ya sikio kulikuwa na kovu la maji ya moto alilolipata akiwa darasa la pili. Akakaa. Alilia, yeye aliyezoea kuwaliza wengine, na hakujificha uso.

Waonjaji wale wawili wakatoka. Rweyongeza akabaki, akijifanya anaangalia ukuta.

"Wamenifungulia leo asubuhi," alisema Ndeshi. Sauti yake ilikuwa na kutu, sauti ya mtu aliyezoea kuongea na mbao. "Nikasema nipelekeni kwenye mashindano. Nilitaka kuona wanavyoinywa."

"Mwanangu, sikujua."

"Mwaka wa nne nilipiga mlango kwa nyundo ya mapipa mpaka mkono ukavimba. Leo fundi wao kaniambia walisikia mlio kama wa mbu, sekunde chache tu, wakatia grisi kwenye feni." Alisema hivyo bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Wao wanaahirisha kikao Ijumaa mpaka Jumatatu, mimi kule nimepandisha mwaka na nusu."

"Ndeshi. Sikujua kama uko ndani."

"Kwenye kidirisha cha kupitishia chakula walikuwa wananiletea majibu. La kwanza lilikuwa neno moja, bado. Nikaona sawa, ni vijana wa kampuni ndio walioonja. La pili likasema: bado, uchungu haujakaa chini." Akamtazama mama yake kwa mara ya kwanza. "Nani mwingine anasema uchungu unakaa chini? Nikajua ni wewe. Nikajua wamekuambia, na umeamua nibaki mpaka nijifunze kazi."

"Mimi? Nikufungie mimi?"

"Sasa naelewa hukujua. Nimeelewa leo. Lakini lile nimekaa nalo zaidi ya miaka ishirini, mama. Nimelala nalo. Nilikuchukia mpaka nikachoka kuchukia. Siwezi kuliweka chini kama glasi kwa sababu tumekutana."

Aikande alinyoosha mkono akaushika wa mwanawe, na Ndeshi akamwachia aushike, kama mtu anavyomwachia daktari.

Rweyongeza akakohoa. "Mama, kwa heshima zote, watu wanasubiri alama. Bia ni nzuri, wewe mwenyewe unajua ni nzuri. Ukiikataa kwa sababu ya mtu wa ndani, sheria itataka mapipa yote yamwagwe. Miaka ya huyu bi... ya binti yako itaingia mferejini. Ukiipa dhahabu, jina lake litaandikwa kwenye chupa, nitaliandika mimi mwenyewe."

Kwa hiyo shauri likawa hilo. Ampe mwanawe kitu mkononi kwa maisha yaliyokwisha, au azibe mlango wa maghala arobaini ambayo kila moja litahitaji mtu wa kuonja. Aikande alimtazama Ndeshi, akitafuta aelekezwe. Ndeshi alikuwa anaangalia glasi.

Akainuka, akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akaingia ukumbini, akachukua kipaza sauti.

"Bia namba saba imetunzwa na mtu aliyefungiwa ndani ya ghala-mbio," alisema. "Mtu huyo anaitwa Ndeshi Urio. Aliingia kijana miezi miwili iliyopita, na sasa ni mkubwa kuliko mimi niliyemzaa. Bia hii haishindani."

Ukumbi ukavurugika. Kisanduku cha kioo kikaangushwa na watu waliokuwa wakikimbilia jukwaani na simu zao. Mlinzi yule yule aliyefungua mlango kwa heshima akamshika Rweyongeza kiwiko, naye akaanza kumpigia wakili wake hata kabla hajafika nje. Vibali vya maghala, alisema mtu wa serikali huku akitafuta mlango wa kutokea, vitasimama mpaka uchunguzi ufanyike.

Aikande aliporudi chumba cha nyuma alimkuta Ndeshi amekaa mezani, glasi iko mbele yake, hajaigusa.

"Kwa hiyo inamwagwa," alisema Ndeshi.

"Wasije wakamfungia mtoto wa mwingine. Ningefanyaje?"

"Umefanya vizuri." Alisema kama unavyomwambia mtu usiyemfahamu. "Ila nilitaka nikusikie mara moja tu ukisema imekuwa. Hata leo umeikataa."

"Siyo bia niliyoikataa, mwanangu. Bia haina neno."

"Basi niambie kitu kimoja. Usiniambie kama mama, niambie kama mwonjaji. Ilikuwa tayari lini?"

Aikande angeweza kusema leo. Uongo huo ulikuwa karibu, mtamu, na ungempa mwanawe angalau sababu ya kila siku aliyokaa mle. Lakini alizikumbuka zile chupa, moja baada ya moja, jinsi ulimi wa kazi unavyokumbuka. Alikumbuka Jumatatu moja jua likiwa kali barazani, alipomeza na uchungu ukatulia mahali pake bila kusukumwa, naye akajua. Alijua vizuri. Akasema bado, kwa sababu mwonjaji akisema imekuwa watu wanaweza kumbishia, na tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kumcheka kwa kusema bado.

"Chupa ya pili," akasema.

Ndeshi akatikisa kichwa polepole kukubali.

"Hata mimi niliona ni ile," alisema. "Nilipoipitisha kidirishani nilikuwa nimeshafunga begi langu."