Kaburi Kwenye Geti la Mzee Kahiga

Kaeni karibu, nyinyi mliopiga kura na nyinyi mliolala siku hiyo mkisema kura moja haina kazi. Habari hii ni yetu sote. Ilitokea huku juu Kuresoi, mahali ambapo viazi huzaa vizuri na barabara hazijawahi kuzaa kitu, mwaka ule chama cha Kengele kilipoangushwa. Chama hicho kilikuwa kimetawala tangu babu zetu wakiwa na meno yote.

Asubuhi ya matokeo ilianza kwa utulivu. Ukungu ulikuwa bado umelalia vilima. Jonah Kiplangat alikuwa nje ya jikoni akinywa chai, redio ikiwa juu ya gunia, na mkewe Chelangat alikuwa akichagua mbegu za viazi, tumbo lake la mimba ya kwanza likiwa limemtangulia mbele kama mgeni wa heshima. Ng'ambo ya ua, trekta ya jirani yao, mzee Kahiga, ilikuwa ikinguruma. Ilikuwa trekta kuukuu, ila matope yakizidi ndiyo peke yake iliyoweza kushuka mpaka kwenye lami. Kahiga alikuwa amemwahidi Chelangat zamani, "Siku yako ikifika, wachana na pikipiki. Mimi na huyu mzee mwenzangu wa chuma tutakupeleka."

Ndipo redio ikasema. Kengele imeanguka, Mwavuli umeshinda.

Jonah aliruka mpaka chai ikamwagika. Tusimlaumu kwa furaha yake. Miaka yote mbolea ya serikali ilipoletwa, watu wa Kengele ndio walioitwa mbele, na sisi wengine tukabaki kuhesabu migongo yao. Na mwenyekiti wa Kengele hapa kwetu alikuwa nani? Mzee Kahiga, yule yule wa trekta. Mlango wa stoo yake ya viazi ulikuwa na kengele kubwa ya rangi ya kijani.

Sasa, Jonah alikuwa na kipaji. Harusi bila Jonah kwenye maikrofoni ilionekana kama mkutano wa chifu. Kipaji hicho ndicho kilichomwambia kwamba chama kikifa lazima kizikwe.

Rafiki yake Kimaiyo, fundi wa mbao, aligonga vipande vya mbao vikawa jeneza. Wakalichora kengele, wakalipamba kwa matawi, wakapanda nalo kilima wakiimba. Walipofika kwenye geti la Kahiga, Jonah alichukua kipande cha mkaa akaandika jina chini ya ile kengele: KAHIGA. Watu wakacheka, na alipoona wanacheka akaitisha majembe. Wakachimba kaburi pale pale getini, katikati ya nguzo mbili, mtaro mkubwa ukiwa upande mmoja na ua wa miiba upande wa pili. Jonah akageuza koti nyuma mbele, akawa mchungaji.

"Marehemu alipenda sana kula," akahubiri. "Tunaomba huko aendako asikute jikoni."

Vijana walilala chini kwa kicheko. Hakuna aliyemwona Mugure, mke wa Kahiga. Mama huyu alikuwa amejikunyata nyuma ya magunia ya viazi, mkono mdomoni. Mwaka mwingine, baada ya kura nyingine, vijana walimjia hivyo hivyo wakiimba, na nyumba yake ya kwanza haikubaki hata mlango. Angejuaje kwamba hawa wa leo walikuwa wanatania tu?

Kahiga alitoka bila viatu, soksi tu miguuni. Akatazama jeneza, akalisoma jina lake, kisha akamtazama kijana ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimlimia shamba kwa trekta misimu yote.

"Jonah, umemaliza?"

"Bado, mzee. Tunangojea maiti."

Hapo hata Kimaiyo hakucheka sana. Na kabla mtu hajajua afanye nini, mvua ilishuka kwa ghadhabu. Washindi wote wa Mwavuli, na hakuna hata mmoja aliyekuja na mwavuli. Wakakimbia na jeneza likiwa vichwani, wakaliacha shimo wazi.

Nyinyi wenyeji mnajua jambo hili. Kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, na aliyetajwa kwa kaburi hilo haligusi. Watoto wa Kahiga wote walikuwa mbali, binti yake Kui akiwa Lanet. Trekta ikabaki ndani, na wazee wawili wakawa wanapita kwenye upenyo wa ua, wakiinama.

"Nenda ukafukie lile shimo," Chelangat alimwambia mumewe.

"Si aniombe kwanza? Wametufunga macho miaka yote hiyo."

"Nani amekufunga macho? Huyu ndiye alikulimia hii shamba unakanyaga."

"Ni mzaha, Chelangat. Mzee ameshindwa tu kushindwa."

"Mama Kui halali. Nimeenda kumwona, ameshindwa hata kushika kikombe. Nionyeshe penye mzaha."

Yale maneno yalimchoma. Jioni moja Jonah alichukua sepetu, akashika barabara ya kwenda getini kwa Kahiga. Angefika. Lakini kwenye kibanda cha miwa aliwakuta Kimaiyo na wenzake.

"Niaje, mchungaji? Unaenda kufufua Kengele?"

Wakacheka. Jonah naye akacheka, akasema anakwenda kuzibua mtaro wa kwake, akarudi nyumbani. Enyi wenye ulimi mtamu, hapo ndipo Jonah alipopotea. Mtu aliyezoea kuchekesha watu ni vigumu sana kuvumilia wamcheke yeye.

Mvua haikukoma. Ikala kingo za lile shimo, ikasomba udongo wake wote mtaroni.

Uchungu ulimshika Chelangat asubuhi moja, akiwa anawasha moto. Pikipiki ya kwanza ilizama kabla ya kufika uani. Jonah akapiga simu zahanati; gari lao lilikuwa limekwama huko chini. Chelangat alikuwa amekumbatia nguzo ya jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Jonah alimsikia akilia kwa sauti.

Akapenya ua, miiba ikimrarua shati. Akamkuta Kahiga akikamua ng'ombe.

"Mzee," akasema. "Mzee, Chelangat..."

Kahiga hakumngoja amalize. Aliweka ndoo chini, akapanda trekta, akaiwasha, akaifunga trela. Wakaja mpaka getini, na hapo trekta ikasimama.

Shimo lilikuwa limejaa maji mekundu, upana wake sasa umekula geti lote. Jonah aliruka ndani na sepetu. Alitupa tope kando, tope likamrudia. Akatupa tena. Alikuwa akilia na kuchimba, akichimba kile kile alichopaswa kufukia, na hakujua tena anafanya nini.

"Toka huko," Kahiga akasema. "Fungua stoo."

"Stoo ya nini, mzee?"

"Viazi. Leta viazi."

Ilikuwa mbegu ya msimu mzima, magunia ya kupanda shamba lote la wale wazee. Mugure ndiye aliyetoka kwanza, ameshika gunia upande mmoja, akimngoja Jonah ashike upande wa pili. Hakumtazama usoni. Na Kahiga, ambaye hakupaswa kuligusa kaburi lenye jina lake, aliinama, akalisukuma gunia la kwanza ndani kwa mikono yake. Wakaleta jingine, na jingine, mpaka stoo ikabaki na kengele yake ya kijani mlangoni na sakafu tupu. Kisha trekta ikapita juu, magunia yakipasuka chini ya magurudumu.

Wakampitia Chelangat kwake, Mugure akakaa kwenye trela, kichwa cha Chelangat mapajani mwake, akimwambia, "Pumua, mama. Pumua, tunafika."

Walifika zahanati. Lakini muda ulikuwa umebaki kule getini. Chelangat aliokolewa. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Walimzika nyuma ya nyumba. Jonah alishika jembe achimbe, mikono ikakataa. Kahiga alilichukua jembe taratibu kutoka kwake, akachimba yeye, kaburi fupi sana. Kimaiyo alileta sanduku dogo, macho yakiwa chini. Watu wakamgeukia Jonah, kwa kuwa siku zote ndiye aliyejua la kusema. Jonah akafungua mdomo. Akasimama hivyo kwa muda mrefu, kofia mkononi.

Kahiga alimsogelea, akamshika bega.

"Jonah," akamwuliza kwa sauti ya chini, "umemaliza?"

Jonah akatikisa kichwa kukubali. Ndipo mzee akaanza kufukia.

Funzo

Wapendwa, vyama huanguka, na wakati mwingine ni vizuri vianguke. Furahini, imbeni, mwageni hata chai kama Jonah. Lakini kilichoanguka siku ile kilikuwa chama cha Kengele. Kahiga hakuwa mgombea, alikuwa jirani. Anayemzika jirani yake akiwa hai ili watu wacheke hajui ni kesho ipi atamhitaji.

Na kosa likishafanyika, lifukieni siku hiyo hiyo, hata kama watu wa kibandani watawacheka. Jonah hakuangamizwa na mzaha wake peke yake. Aliangamizwa na zile siku alizoona aibu kuurekebisha.

Mwavuli wameshaapishwa. Barabara yetu bado ni ile ile. Getini kwa Kahiga viazi vimechipuka, kando ya alama za magurudumu, na Mugure amekataa ving'olewe. Jonah hupita hapo kila asubuhi akienda kumsaidia mzee kulima. Akifika huvuka pembeni, bila kukanyaga.