Mgeni wa Sahani Tupu

Mama Kijino aliishika ile sahani bombani, akaisugua, kidole kikateleza. Ilikuwa na mafuta. Akainusa: nyama ya kukaanga, tena iliyokaangwa na mtu anayejua kukaanga. Sasa mafuta yametoka wapi, wakati aliyepakua mchana ule ni yeye mwenyewe, na alichopakua ni hewa?

Msimcheke. Ua mzima uliishi hivyo tangu kiwanda cha magodoro kifunge lango na kuwarudisha wanaume majumbani. Muuza duka alikuwa anauza mafuta kwa kijiko, na sabuni kwa kipande chembamba cha kuonea upande wa pili. Mshona nguo wa barazani hakuwa na nguo mpya ya kushona. Alikuwa anapunguza za zamani tu, maana zilikuwa zinawapwaya wenyewe. Paka walihama bila kufukuzwa. Lakini mchana ukifika, kila mpangaji alishusha pazia la chumba chake, na vijiko vikaanza kulia juu ya sahani tupu ili jirani asijue.

Hodari wa mchezo huo alikuwa Fundi, mume wa mama Kijino. Alikuwa ameshona magodoro tangu ujana wake, na angekubali kufa kuliko kuonewa huruma. Yeye kugonga kijiko hakukumtosha. Kila kivuli kikipita nje ya pazia, alipaza sauti kwa majivuno, "Karibu! Karibu tule!" Na kivuli, kwa adabu zake, kikajibu, "Asante, endeleeni," kikaenda zake na njaa yake.

Siku ile kivuli kimoja kilijibu, "Haya, nimekaribia."

Akaingia mwanamume mrefu, mashavu yamejaa, uso unang'aa kama mtu anayetoka harusini. Alivua kandambili mlangoni, zote mbili za mguu wa kushoto. Akaketi mkekani katikati ya Fundi na binti yao wa pekee, mtoto mdogo waliyemwita Kijino kwa sababu ya pengo lake la mbele. Mama, kwa kufadhaika, akamsogezea sahani. Mgeni akanawa, akaanza kula. Alikula hewa tonge kwa tonge, na mifupa ikasikika ikivunjika kinywani mwake. Alipomaliza akajilamba vidole.

"Mnapika vizuri," alisema. "Kesho nitakuja tena."

Alipotoka, Fundi alimgeukia mkewe. "Mwehu tu huyo," alinong'ona. Kisha akabeua.

Wote watatu walikuwa wameshiba, shibe ya kufungua vifungo. Ndiyo maana mama Kijino alikwenda bombani miguu ikiwa mizito, na ndipo alipoyakuta yale mafuta kwenye sahani ya mgeni.

Mgeni akawa wa kila mchana. Fundi alikuwa anatandika mkeka mapema, anapiga mluzi.

"Baba Kijino, mimi namwogopa huyu mtu."

"Unaogopa nini? Si umeshiba?"

"Nimeshiba nini? Nitajie nilichokula."

"Mke wangu, usichimbe. Wenzetu wanalala njaa, sisi tumepata neema, wewe unatafuta maneno."

Basi mama Kijino akajikaza, akazunguka nyumba za wenye nafasi kuomba kufua. Akafua mpaka vidole vikachubuka, akapewa unga na maharage. Alirudi mbio kama msichana, akapika, akampakulia mwanawe chakula cha kweli, chenye moshi. Kijino alikitazama, akageuza uso.

"Nimeshiba, mama."

"Kula kidogo, mwanangu."

"Nimeshiba."

Akamlisha kwa nguvu. Mtoto akakitapika chote, punje kwa punje, haikusagika hata moja. Mama naye alipojaribu kula, koo lilikataa. Akakaa chini akalia, sufuria ya maharage ikipoa mbele yake, na hamu hana.

Tangu hapo akawa anamwangalia mtoto kwa jicho jingine, na alichokiona kilimtia baridi, kwa sababu alipokuwa akimwogesha mkono ulipita juu ya mbavu kama unapita juu ya kitanda cha kamba, na huku mbavu zimetoka hivyo mtoto alikuwa anatabasamu na kubeua, na beuo lake lilinuka nyama ya kukaanga, na chini ya ile nyama kulikuwa na harufu nyingine, ya panya aliyefia nyuma ya kabati, na kila mchana mgeni alikuwa amenenepa zaidi na amesogea zaidi upande wa mtoto, mpaka ikafika siku akawa anamlisha kwa mkono wake mwenyewe, matonge ya hewa, taratibu, na Kijino anapanua kinywa kama kinda.

Mama Kijino alichukua kitenge chake cha mwisho kilichokuwa kizuri, akampelekea mganga mmoja mwanamke, mkali, asiyependa salamu ndefu.

"Nani alimkaribisha?"

"Mume wangu."

"Basi mumeo ndiye atakayemtoa. Amwambie ukweli mbele yake: chakula hakuna. Tena kwa sauti, uani wasikie. Akinong'ona, kazi bure. Huyo jini mmemleta kwa uongo wenu."

Mchana ule mgeni akaketi. Nje, majirani walikuwa wanagonga vijiko. Fundi akainama akasema polepole, "Bwana, hatuna chakula."

Mgeni akatega sikio. "Sijasikia, mwenyeji wangu."

"Hatuna... chakula."

"Bado."

"Sema, baba Kijino!" mama alisihi kwa kunong'ona, maana hata yeye, aibu ilikuwa imemkaba. "Sema, mtoto anakwisha!"

Kijino akaegemea paja la mgeni, macho yakapinduka, yakabaki meupe. Hapo Fundi akalichana pazia, akatoka nusu mwili, akapiga ukelele wa mtu anayechomwa: "Hatuna chakula! Sisi hatuli! Sahani tupu! Tangu kiwanda kifungwe hatuli!"

Uani vijiko vyote vikanyamaza. Mgeni akasimama, akajifuta midomo. "Asante kwa ukarimu," alisema, akavaa kandambili zake akaondoka.

Macho ya Kijino yakarudi sawa. "Mama, njaa."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Akakoroga uji wa unga uliobaki, mtoto akaumaliza, akaukwangua, akataka mwingine. Akapewa wa baba, akapewa wa mama. Njaa ya siku zote zile ilikuwa imemrudia kwa mkupuo. Unga ukaisha. Mama akakimbilia kwa wale aliokuwa akiwafulia. Wakamwambia mlangoni kwamba siku hizi wanafua wenyewe. Kijino akawa anatafuna ukili wa mkeka. Alilia mpaka sauti ikakauka, akaendelea kulia bila sauti.

Fundi akachukua bakuli, akazunguka uani mchana kweupe. Wote walikuwa wamemsikia akitangaza shida zake. Kila alipokaribia mlango, nyuma ya pazia vijiko vililia kwa nguvu, na sauti ya uchangamfu ikaita, "Karibu, Fundi! Karibu tule!"

Na yeye, mwenyewe akijua inavyopaswa kujibiwa, akajibu kila mlango, "Asante, endeleeni."

Alirudi na bakuli lake. Mkewe alikuwa amempakata mtoto, na mtoto alikuwa anamuuma bega, hamuumi kwa hasira, anatafuta kula.

"Wamesemaje?"

Fundi aliliweka bakuli tupu chini. Akakaa sakafuni, akaziba masikio.

Mama Kijino alimlaza mwanawe. Akatandika mkeka, akapanga sahani, ya mume, ya mtoto, yake, na moja zaidi. Fundi alimtazama akielewa, na hakumzuia. Fundi mwenyewe akalifunga upya lile pazia lililochanika, akaketi karibu nalo. Akangoja mpaka kivuli kirefu kikapita.

"Karibu," aliita kwa sauti, uani wasikie. "Karibu tule, tumeshapakua."

Kandambili zikavuliwa mlangoni. Kijino akaacha kulia, akapanua kinywa, hata kabla mgeni hajaketi.