Brashi ya Shingoni

Saluni ya Pettway, mjini Macon, kusini mwa Marekani, haijui utulivu siku ya Jumamosi. Na Jumamosi ya kabla ya Pasaka ndiyo balaa kabisa. Kila mama anataka mwanawe aende kanisani na kichwa kilichonyolewa vizuri. Wanaume wanabishana kuhusu mpira wa kikapu. Redio inaimba injili, na harufu ya samaki wa kukaanga inaingia kutoka mlango wa jirani.

Viti vya kunyolea ni viwili. Kimoja ni cha mzee Thaddeus Pettway, ambaye leseni yake imetundikwa ukutani. Cha pili ni cha binti yake, Verlene. Yeye bado ni mwanafunzi wa kazi. Anaruhusiwa kunyoa mradi baba yake awe karibu. Lakini mikono ya mzee imeanza kutetemeka, na mwisho wa kiangazi anaacha kazi. Verlene asipokuwa na leseni yake mwenyewe siku hiyo, saluni itafungwa.

Halafu kuna brashi. Ina mpini wa mbao na manyoya ya farasi. Aliiacha babu yake Verlene, aliyefungua saluni hiyo enzi ambazo mtu mweusi hakuruhusiwa kukalia viti vya saluni za katikati ya mji. Mteja akishanyolewa hupakwa poda, kisha brashi hupitishwa shingoni mwake. Wazee huiita baraka. "Sijapata baraka yangu," husema, na hawainuki mpaka waipate. Brashi hutoka shingo hii kwenda ile, kutwa nzima. Haijawahi kuoshwa.

Jumamosi hiyo, kijana mmoja alikaa kwenye kiti cha Verlene. Nyuma ya shingo alikuwa na duara la kijivu. Verlene aliliona. Akadhani ni ngozi kavu tu. Akamnyoa, akampaka poda, akampitishia brashi. Aliyefuata alikuwa Tavius, mtoto wa Jewel Batiste. Naye akapata baraka yake.

Wiki iliyofuata Verlene alikwenda kufanya mtihani wa leseni. Ule wa kuandika alikuwa ameshaufaulu, tena kwa alama za juu. Uliobaki ulikuwa wa vitendo. Alimnyoa binamu yake, Cortez, mbele ya mtahini. Mkato ulitoka safi. Mwishoni, bila kufikiri, alitoa brashi mkobani akamfuta Cortez shingo.

"Brashi hiyo imeoshwa?" mtahini aliuliza. "Imelowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu? Ilikuwa kwenye mfuko safi uliofungwa?"

Verlene aliirudisha brashi mkobani. Akashindwa mtihani.

Alirudi saluni akiwa amefura. Alitupa mkoba sakafuni.

"Wamenifelisha kwa sababu ya brashi, Baba! Brashi!"

"Ya baba yangu?" Mzee Thaddeus alisimama. "Wameitukana brashi ya baba yangu? Mkato je, waliuangalia?"

"Hata hawakuujali."

"Wajinga! Hawajui kunyoa hata mbuzi, halafu wanakaa mezani kuwapima watu!"

Baba na binti waliilaani Bodi ya Vinyozi, inayotoa leseni, mchana kutwa. Wateja waliitikia. Siku hiyo hakuna aliyeitazama brashi yenyewe.

Siku chache baadaye mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Jewel Batiste aliingia akimshika Tavius mkono. Jewel anafanya kazi kwenye zahanati ya shule, na kanisani huimba safu ya mbele. Leo hata salamu hakutoa.

"Karibu kiti, Dada Jewel," alisema mzee.

"Sikai! Sikukuja kukaa." Alimgeuza mtoto. "Tazameni hapa. Mmemfanya nini mwanangu?"

Shingoni mwa Tavius palikuwa na duara. Lilikuwa la kijivu, na ukingo wake umeinuka.

"Choa," alisema Jewel. "Na si yeye peke yake. Mjukuu wa Shemasi Rutledge analo. Wote walinyolewa hapa Jumamosi ile."

"Watoto hucheza na paka," alisema mzee. "Ameliokota kwa paka."

"Hatuna paka, mzee. Tuna kinyozi."

Mteja mmoja aliguna. Mzee Thaddeus alimkazia macho mpaka akanyamaza.

Verlene aliinama kutazama. Duara kama hilo alikuwa ameliona kwa yule kijana.

"Lakini choa ni chekundu," alisema. "Kitabuni kuna picha. Ni duara jekundu."

"Ngozi ya nani hiyo kwenye picha?"

"Ya mzungu."

"Sasa wewe hapa unanyoa wazungu?" Jewel alipandisha sauti. "Nasema hivi kila mwaka, na kila mwaka wanachapa picha zilezile! Kwenye ngozi yetu huwa la kijivu, au la hudhurungi. Ukingo una magamba. Linawasha. Likiwa kichwani, nywele hukatika mahali hapo. Ukiliona, weka mashine chini. Usinyoe. Mwambie mtu kwa adabu aende kwa daktari. La shingoni mara nyingi hupona kwa dawa ya kupaka. La kichwani linataka dawa ya kumeza, na daktari ndiye anayeitoa, si wewe."

"Linaenezwa na nini?" aliuliza mteja yule.

"Ni ukungu, fangasi wa ngozi. Unashika kwenye chanuo, mashine, taulo." Macho ya Jewel yalitua mezani. "Na kwenye hiyo."

Mzee Thaddeus aliishika brashi haraka. "Hii usiiguse!"

"Nani anataka kuigusa? Inapita kwenye shingo za watu wangapi kwa siku?" Kisha Jewel akamtazama vizuri. Tangu aingie, mzee alikuwa akijikuna. "Hebu fungua kola, mzee."

"Hili ni joto tu."

"Fungua."

Hakufungua. Verlene ndiye aliyemfungua. Duara lilikuwapo. Kila Jumapili kabla ya ibada, Verlene humfuta baba yake shingo kwa brashi ile.

Jewel alimshika mtoto mkono. "Tunaondoka. Siku nikirudi, nitasimama hapa nione kila kitu kwa macho yangu. Nisiporidhika, Macon nzima itajua."

Mlango ulipofungwa, Verlene alijaza beseni maji ya moto na sabuni.

"Ioshe, Baba."

"Mbao itavimba. Manyoya yatang'oka."

"Basi haifai! Kitu kisichoweza kuoshwa hakiruhusiwi kumgusa mtu!"

"Unaniambia mimi nilikuwa mchafu miaka yote hii? Unamwambia babu yako?"

"Babu hakujua. Mimi nilijua!" Sasa Verlene alikuwa akilia kwa hasira. "Swali hilo lilikuwa kwenye karatasi, Baba. Kifaa kilichomgusa mteja mmoja kifanyiwe nini kabla ya kumgusa mwingine? Nikajibu: kiondolewe nywele, kioshwe kwa sabuni, kilowekwe kwenye dawa. Nikapata! Kisha nikaja hapa nikawasugua watoto wa watu uchafu shingoni!"

Mzee alimtazama binti yake, kisha akaitazama brashi. Hasira ilikuwa bado imemjaa, lakini hakuwa tena na mtu wa kumtupia. Aliitia brashi kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo. Akalifungua. Akalifunga tena. Kisha akatoka nje, na kifuniko cha pipa la taka kikasikika hadi ndani.

Jioni ile Verlene alimpigia simu kila mzazi aliyemkumbuka. Aliwaambia ukweli, akawaomba wawapeleke watoto kwa daktari. Wengine walishukuru. Wengine walimtukana, naye akayapokea matusi yao.

Siku iliyofuata waliisafisha saluni. Juu ya meza kulikuwa na mtungi wa kioo wenye dawa ya buluu na machanuo ndani yake. Ulikaa hapo kama pambo. Verlene aliuinua kwenye mwanga. Nywele zilikuwa zikielea.

"Dawa hii imekufa," alisema. "Uchafu huimaliza nguvu. Chanuo lazima lioshwe kwanza ndipo liingie humu. Lizame lote, mpini na meno. Likae muda ulioandikwa kwenye chupa ya dawa, si muda tunaoupenda sisi. Na dawa tubadilishe kila siku, au mara tu ichafukapo."

"Na mashine? Utailoweka na umeme wake?"

"Hapana. Unafuta nywele kwa brashi yake ndogo, unapuliza dawa kwenye meno, unaiacha ibaki imelowa muda wote ulioandikwa. Sisi tulikuwa tunapuliza na kufuta papo hapo. Hapo hakifi kitu."

Mzee alipopona shingo, alikuwa ndiye mtu wa kufanyia mazoezi ya kurudia mtihani. Alikaa kitini kama aliyeshitakiwa bila kosa. Lakini macho yake hayakumwacha Verlene.

"Umegusa simu! Nawa mikono!"

"Nimenawa sasa hivi."

"Nawa tena! Na karatasi ya shingoni iko wapi? Shuka hili lilikuwa kwa mtu mwingine, unataka linilalie kwenye ngozi?"

Siku nyingine chanuo lilianguka. Verlene aliliokota, akalipuliza.

"Unalipuliza?" mzee alifoka. "Tangu lini pumzi yako imekuwa sabuni? Weka kwenye vichafu, chukua safi!"

Kisha siku moja wembe ulimkwaruza mzee sikioni. Damu kidogo ikatoka. Kwa mazoea alinyoosha mkono kuchukua jiwe la shabu, la kuzuia damu. Verlene aliwahi kulifunika kwa taulo.

"Hilo nalo limegusa nyuso za kila mtu!"

"Ee Mungu wangu! Mwaka huu nitabakiwa na nini?"

Verlene alisimamisha kazi. Alinawa, akavaa glavu, akasafisha kidonda. Alichukua shabu ya unga kwa kijiti cha pamba cha kutupwa, akaigusisha mara moja. Akafunika kwa plasta. Pamba na glavu aliziweka kwenye mfuko, na mfuko ndani ya mfuko mwingine. Wembe ulikuwa wa kutumia mara moja, akautia kwenye kopo gumu la nyembe. Kisha akatia dawa kila kilichokuwa mezani, akanawa tena.

"Unachelewesha kama serikali," alisema mzee. Lakini hakusogea.

Katika mtihani wa pili, aliyekaa kitini alikuwa mzee Thaddeus mwenyewe. Hakuruhusiwa kusema neno, na hilo lilimchosha kuliko yote. Verlene alipomaliza, nywele zilimwasha mzee shingoni. Alimfuta kwa taulo safi, akaitia moja kwa moja kwenye kapu la vichafu. Mtahini aliandika, akageuza karatasi.

Leseni ilifika kabla kiangazi hakijaisha. Waliitundika karibu na ile ya mzee.

Jumamosi iliyofuata Shemasi Rutledge alinyolewa, akabaki amekaa. "Baraka yangu iko wapi, Thaddeus?"

"Baraka hiyo ndiyo iliyompa mjukuu wako choa," alijibu mzee kwa ukali. "Inuka. Kuna watu wanangoja."

Mlango ulifunguliwa. Jewel Batiste aliingia na Tavius. Mtu mmoja akaipunguza redio.

"Karibu kiti, Dada Jewel," alisema Verlene.

"Nitasimama."

Alisimama kweli, mikono kifuani. Verlene alinawa mikono mbele yake. Alifuta kiti kwa dawa, akakiacha kikauke chenyewe. Alimtazama Tavius kichwani na shingoni, akitenganisha nywele taratibu. Pote palikuwa safi. Alimfunga karatasi ya shingoni, kisha shuka lililofuliwa. Mzee Thaddeus alifungua sanduku la vifaa safi, akamsogezea chanuo bila kuligusa meno.

Jewel alitazama kila kitu. Hakusifu. Hakutabasamu. Mashine ilipowashwa, alivua koti, akalikunja, akaketi.